RANGI ZINASEMA: TULIYOYAONA NYUMBANI MWISHO WA VAKANSI



Msishangae kwamba tunawaandikia juu ya rangi katika gazeti lenye rangi mbili tu, karatasi nyeupe na wino mweusi. Mashine yetu ya kurudufu haijui nyingine. Lakini pengine ni vizuri hivyo, kwa maana kila mmoja wenu atalazimika kuinua macho na kuzitafuta rangi zenyewe kule ziliko: jikoni, kiwanjani, bustanini, na hata kichwani mwa mdogo wake.

Jambo hili lilianza mwezi wa sita, mbele ya kuachana. Katika somo la Kifaransa tulisoma habari za mwisho wa majira ya joto kule Ulaya: siku zinaanza kufupika, majani yanageuka manjano na mekundu, kisha yanaanguka yote. Mmoja wetu akauliza: "Na sisi hapa Kasindi, mwisho wa kiangazi iko na rangi gani?" Kalasi nzima ikacheka, kisha ikanyamaza. Tulikuwa tunajua rangi za majani ya Paris, ambayo hakuna kati yetu aliyeyaona, lakini za nyumbani kwetu hatukuweza kuzitaja.

Basi sisi wa kalasi ya mwisho tukapatana. Kila mtu achukue daftari moja la zamani lenye kurasa zilizobaki, na kila juma aandike rangi alizoziona kwao, pamoja na tarehe. Tuliporudi mwezi wa tisa tulikaa tukayasoma madaftari yote pamoja. Haya ndiyo tuliyovuna.

1. Majira yetu si majira ya vitabu

Kwanza tuelewe kwa nini miti yetu haifanyi kama ya Ulaya. Kule, siku ikifupika na baridi ikikaribia, mti unaacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayolisaidia jani kutengeneza chakula kwa nguvu za jua. Klorofili ikiisha, manjano iliyokuwa imefichwa chini yake inatokea. Kumbe manjano ilikuwamo siku zote.

Kasindi iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Hapa mchana na usiku ni karibu saa kumi na mbili kila kimoja, mwaka mzima. Mti wetu haupati habari kwa urefu wa siku, bali kwa mvua. Mwezi wa saba na wa nane nyasi za bondeni zinakuwa na rangi ya manyoya ya simba. Watu wanachoma majani, malori ya mpakani yanatimua vumbi, na moshi na vumbi vinakaa hewani pamoja. Ndiyo sababu jua la jioni linakuwa jekundu kama kaa la moto. Mwanga wa jioni unapita njia ndefu hewani, buluu yake inatawanywa njiani, na nyekundu ndiyo inayotufikia.

Wenzetu wanaokaa karibu na barabara kubwa waliandika karibu wote neno moja: miembe yao ilikuwa na rangi ya matofali. Ilikuwa hivyo tangu mwezi wa saba, wakazoea, wakasahau kwamba mwembe ni mti wa kijani. Mmoja alipangusa jani moja kwa kidole, akaandika: "Chini ya vumbi mti ungali mzima."

Hata katika ukavu ule, miembe fulani ilitoa majani mapya yaliyo mekundu, laini, yanayoning'inia. Wengi wetu tuliandika "mti iko mugonjwa." Mwalimu wa biolojia alitusahihisha. Jani changa halijajaza klorofili yake bado, na ile nyekundu inasaidia kulikinga na jua kali. Jani la kakao nalo linafanya vilevile. Basi hapa kwetu wekundu wa jani mara nyingi ni utoto, wakati Ulaya ni uzee.

2. Maneno ya rangi yametoka nyumbani

Tulipoanza kuandika, tulikwama kwa maneno. Tazameni vizuri Kiswahili chetu. Rangi zinazofuata jina la kitu kwa kubadilika mwanzoni ni tatu tu: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Tunasema shati jeupe, nguo nyeusi, maua mekundu. Nyingine nyingi zimechukua majina ya vitu. Kijani inatoka kwa jani. Kijivu inatoka kwa jivu la jikoni. Manjano ni ile mizizi ya kukolezea mchuzi. Kahawia ni kahawa. Zambarau ni tunda, na rangi ya machungwa vilevile.

Maana yake nini? Wale waliotuachia lugha walitazama kitu kwanza, kisha wakapata jina la rangi. Nasi tukajiruhusu kufanya hivyo. Tukaandika "rangi ya sombe iliyoiva", "rangi ya mawese yaliyoganda asubuhi", "rangi ya ganda la maharagi makavu." Tangu siku ile madaftari yakajaa haraka. Mtu aliyekuwa akiandika "kijani" mara kumi alianza kuona kijani kumi mbalimbali.

3. Manjano si moja

Bustanini tulijifunza kwamba rangi moja inaweza kuleta habari tofauti, na ni hatari kuzichanganya.

Manjano ya kwanza ni ya kuiva: papai, ndizi, tunda la kakao. Hiyo inafurahisha kila mtu.

Manjano ya pili ni ya njaa. Mahindi yanapokosa chakula katika udongo, majani ya chini ndiyo yanayoanza kugeuka, kuanzia nchani na kufuata mstari wa katikati. Mmea unayanyang'anya majani yake ya zamani ili kulisha yale mapya ya juu. Anayeona hivyo ajue udongo umechoka: alete mbolea ya mbuzi au ya kuku, na apande maharagi pamoja na mahindi.

Manjano ya tatu ni ya ugonjwa. Jani la muhogo likiwa na mabaka ya manjano na kijani, tena likiwa limejikunja, hiyo ni mozaiki. Inaletwa na inzi weupe wadogo sana, na pia na sisi wenyewe tunapokata vijiti vya kupanda kutoka kwenye shina lenye ugonjwa. Sombe yake bado inaonekana kufaa, ndiyo maana watu hawajali. Lakini mihogo inabaki midogo, na kijiti kile kikipandwa kinahamisha ugonjwa kwenda shamba jipya.

Katika daftari moja kuna habari ya mama mzee, jirani wa mwenzetu, aliyefurahi sana katikati ya mwezi wa nane. Mkungu wake mmoja ulikuwa umeanza kuiva mbele ya wakati. Mwenzetu alikuwa amesimama anautazama. Mama akamwita: "We mutoto, uko naangaria nini ku ndizi yangu?" Akajibu: "Mama, naona zimoja ziko manjano, zingine ziko kijani, na majani imelegea kama imepikwa." Wakakata ndizi moja. Ndani ilikuwa na madoa ya kahawia. Wakakata shina, likatoa maji mazito yenye rangi ya maziwa yanayoelekea manjano.

Huo ni mnyauko wa migomba. Bakteria wake walianza kuharibu mashamba ya Uganda na ya Kivu ya Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mgomba ukishapata, hakuna dawa ya kuuponya. Kinachowezekana ni kuwalinda wenzake. Kata shina lenye ugonjwa chini kabisa. Panga lililogusa mgomba ule lipitishwe katika moto mpaka lipate joto kali, au lioshwe kwa maji ya javeli, mbele ya kugusa mwingine. Na lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu liondolewe mapema kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, kwa sababu wadudu wanaotembelea ua ndio wanaoingiza ugonjwa humo. Mama mzee alipoteza shina moja. Yale mengine ya kando bado yamesimama tunapoandika.

4. Kakao: rangi inayopimwa kwa kisu

Wengi wetu tumelipiwa masomo kwa kakao. Kwa hiyo rangi hii tuliiandika kwa uangalifu.

Tunda likiwa kijani bado halijaiva, na kama aina yake ni nyekundu tangu utoto, linaiva kuelekea rangi ya machungwa. Ukilipasua utakuta mbegu zimevaa nyama nyeupe, tamu. Ukikata mbegu mbichi ya kakao nyingi za kwetu, ndani yake ni zambarau. Halafu zinafunikwa, kwa majani ya migomba au ndani ya kisanduku, siku tano mpaka saba, na kugeuzwa mara kwa mara. Nyama ile nyeupe inachacha, joto linapanda, mbegu inakufa, na zambarau inageuka taratibu kuwa rangi ya kahawa. Ndipo inaanikwa juani juu ya turubai.

Mnunuzi anayejua kazi yake haridhiki na ganda la nje. Anachukua mbegu kadhaa anazikata katikati. Ndani ikiwa kahawia yenye mipasuko, kakao imefanyiwa kazi vizuri. Ikiwa zambarau, haikukaa muda wa kutosha. Ikiwa kijivu kama ubao wa kuandikia, haikuchacha kabisa. Basi bei yote ya miezi inaonekana pale katika nusu ya mbegu.

Lakini kuna rangi moja ya kakao ambayo hatukutaka kuiandika, nayo ni nyeusi. Mjomba wa mwenzetu ana shamba upande wa njia ya kwenda Beni. Mwaka mmoja watu wa kijiji chake walikimbia, naye hakuweza kufika shambani wakati wa kuvuna. Aliporudi alikuta matunda yangali yananing'inia mtini, meusi, yamekauka. Tangu hapo anavuna yakiwa bado nusu kijani, kwa kuogopa kwamba kesho njia itafungwa tena. Matunda mabichi hayana sukari ya kutosha, hayachachi vizuri, na mbegu zinabaki zambarau. Mnunuzi akikata anasema: "Hii kakao ni mbaya." Haoni kwamba zambarau ile imetokana na woga. Sisi tuliosoma habari hii tumeona kwamba rangi inaweza kusema kweli juu ya kitu, na bado isimalize habari ya mtu.

5. Sahani iliyobaki nyeupe

Sasa tuingie jikoni. Wenzetu wanne walipatana kuandika rangi za sahani ya jioni. Mwezi wa saba wote wanne waliandika rangi nyingi: kijani ya lengalenga na sombe, nyekundu ya tomati, rangi ya machungwa ya mawese, kahawia ya maharagi. Kadiri bustani ilivyokauka rangi zikapungua. Kufika katikati ya mwezi wa nane, daftari moja lina neno lilelile jioni sita mfululizo: nyeupe. Ni bugali ya mihogo na maji ya chumvi yenye kitunguu.

Tuseme kidogo juu ya mawese. Wekundu wake ni karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Mtoto anayekosa vitamini hiyo anaweza kushindwa kuona wakati wa magharibi, na akiendelea kuikosa macho yanaharibika. Kuna nyumba wanakochemsha mawese mpaka yawe meupe kama maji, ili mchuzi upendeze. Kumbe wanachoma kile kilicho bora. Karotini hiyohiyo imo katika karoti, papai, maboga, viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa, na hata katika sombe na lengalenga, ingawa huko imefichwa chini ya kijani, kama ile manjano ya majani ya Ulaya.

Ile sahani nyeupe ilikuwa ya nyumba ya mwenzetu mmoja, aliyetupa ruhusa tuandike bila kutaja jina. Ana mdogo wake wa miaka miwili. Mama yao alikuwa amejifungua mtoto mwingine, hivyo yule wa miaka miwili alikuwa ameachishwa ziwa. Mwenzetu aliandika tarehe 9 mwezi wa nane: "Nywele za mdogo wangu zinakuwa rangi ya majani makavu." Majirani walisema ni uzuri, wengine wakatania kwamba amekuwa mzungu. Mashavu yalikuwa yamejaa, kwa hiyo hakuna aliyefikiri njaa. Tarehe 16 akaandika: "Ile rangi imeongezeka. Hachezi. Miguu imevimba."

Alimwonyesha mama yake yale maandiko mawili na tarehe zake. Kesho yake wakampeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi alibonyeza mguu kwa kidole gumba kwa muda mfupi, akakiondoa, na shimo likabaki. Miguu yote miwili ilikuwa hivyo. Akasema: "Ni bwaki."

Bwaki ndiyo ile vitabu vinavyoita kwashiorkor. Jina hilo la vitabu lina asili ya Afrika. Daktari Cicely Williams alilichukua katika lugha ya Kiga huko Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, akaliandika mwaka 1935. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto anapokuja mdogo wake. Wakina mama wa kule walikuwa wameona mambo haya muda mrefu mbele ya madaktari. Mtoto akiachishwa ziwa na kupewa bugali ya mihogo peke yake, tumbo linajaa, lakini muhogo una protini kidogo sana. Nywele nazo zinahitaji protini ili kukua na kupata weusi wake, hivyo zinapungua, zinakuwa laini, na kugeuka nyekundu-nyekundu. Na mashavu yale hayakuwa na unene wowote, yalikuwa maji.

Muuguzi alituambia jambo lililotushangaza. Kuna watoto ambao kila unywele una vipande, cheusi, kisha chekundu, kisha cheusi tena, kama bendera. Unywele unaandika jinsi mtoto alivyokula, miezi mizuri na miezi mibaya. Kumbe yule mtoto naye alikuwa na daftari lake, na kaka yake ndiye aliyelisoma.

Alipewa chakula cha tiba na kufuatwa kila juma. Sasa anakimbia. Ukitazama karibu na ngozi ya kichwa utaona weusi unarudi kutoka chini. Nyumbani wanajitahidi kila siku kutia rangi katika sahani yake: maharagi yaliyopondwa, karanga katika sombe, samaki wadogo, yai likipatikana.

6. Mvua ilipooshea nchi

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha mwisho wa mwezi wa nane. Madaftari yote yana ukurasa wa siku ile. Miembe ya barabarani ikawa kijani kwa saa moja. Mabati yakang'aa, maji ya mto Lubiriha yakageuka rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu yalibeba udongo wa mashamba ya juu. Na asubuhi iliyofuata moshi ulikuwa umeondoka. Upande wa kaskazini mlima Ruwenzori ukasimama wazi, na kule juu kabisa kulikuwa na weupe kidogo.

Tuliutazama weupe ule kwa namna nyingine. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, na ni barafu ya kweli iliyo karibu na ikweta. Mwaka 1906, Duke wa Abruzzi alipopanda, barafu ya Ruwenzori ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5. Mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya 1. Wazee wetu waliona weupe mpana kuliko huu, lakini hakuna aliyeandika tarehe, kwa hiyo wanabishana.

7. Tunawaomba nini

Tunawaomba vitu vitatu tu. Kwanza, chukueni daftari, andikeni rangi na tarehe. Macho yanazoea haraka: kinachogeuka pole pole hakionekani, lakini maandiko mawili yenye tarehe mbili yanaonyesha. Pili, msiseme "nyekundu" mkaishia hapo. Semeni inafanana na nini, iko wapi, na imeanza lini. Tatu, mkiona rangi isiyo mahali pake, manjano katika mgomba mchanga, uwekundu katika nywele za mtoto, weupe katika kiganja chake, msicheke wala msinyamaze. Mwambieni mkubwa, hata kama yeye ni mkubwa na nyinyi ni batoto.

Mwakani sisi hatutakuwa hapa. Tutakuwa tumefanya mtihani wa Serikali, na kila mmoja atakuwa amekwenda njia yake. Madaftari yetu tumeyaacha katika kabati ya kalasi. Kurasa za nyuma bado ni nyeupe.

Sisi wenu wa kalasi ya mwisho,
kwa mkono wa kapita wa wanafunzi